Naomba ushauri: taa za karatasi zinapinduka bwawani

Wakuu, habari za kazi. Kwenye tamasha la tamaduni za Asia kiangazi hiki, hapa bustani ya umma, tutaelesha taa za karatasi zenye mshumaa kwa mtindo wa toro nagashi, ule wa Wajapani mwisho wa Obon, sikukuu yao ya kuwakumbuka wafu.

Kitako ni ubao wa msonobari 15 kwa 15 sm, unene 2 sm. Kona nne zina vijiti vya sm 20, na karatasi ni ya urefu wa sm 62: 60 za kuzunguka, 2 za kubandika. Ubao huzama nusu, kwa hiyo karatasi ikigusa kitako inanyonya maji, gundi inaachia na ukuta mmoja unajikunja ndani kuelekea moto. Tumeipandisha sm 1 juu ya ubao. Inabaki kavu na mshumaa unapata hewa.

Shida ni upepo. Sm 20 ni tanga tosha, taa inalala. Kupunguza vijiti hadi sm 14 kumesaidia, ila moto sasa uko karibu mno na karatasi. Balbu ndogo za betri zingemaliza hilo, ingawa mwanga wake hauchezi, na bila kucheza taa inakuwa kama ya dukani.

Je, nipigilie nati nzito chini ya ubao katikati, au nipanue kitako hadi sm 20? Na kuzikusanya usiku: kamba yenye maboya ivutwe kutoka kingo mbili, au kila taa ifungwe mshipi? Naogopa mishipi itanasa kwenye mabua ya yungiyungi.