Fonti ya mifuko ya kahawa: ya bure, ya Adobe au ya kununua?

Mchoraji_Masaka
Habari zenu wakubwa. Nina mteja anayekaanga kahawa hapa Masaka, Uganda. Anataka nembo, mifuko ya robo kilo na nusu kilo, halafu tovuti. Fonti, yaani mtindo wa herufi, amejitafutia mwenyewe kwenye tovuti ya DaFont na ameipenda sana, ila imeandikwa kuwa ni ya bure kwa matumizi binafsi tu. Naona njia nne: kumwomba aliyeitengeneza leseni ya biashara, kuchukua fonti huria (za bure na wazi kwa wote) Google Fonts, kutumia za Adobe kwa sababu nalipia Creative Cloud, kifurushi chao cha programu, au kununua kwenye duka la mtandaoni la MyFonts. Uchapaji utafanyika Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Mngekuwa mimi, mngechagua ipi?

Kalamu_ya_Ntinda
Huria, bila kusita. Nyingi za Google Fonts ziko chini ya leseni ya fonti huria ya shirika la SIL, kwa kifupi OFL, toleo la 1.1 la mwaka 2007. Unaruhusiwa nembo, mifuko, tovuti, hata kuibadilisha fonti yenyewe. Unaweza kumkabidhi mteja faili, naye akampa mchapaji, na hakuna aliyevunja kitu. Katazo kubwa ni kuiuza fonti peke yake kama bidhaa.
Hiyo ya DaFont, mwandikie mwenyewe. Mara nyingi anwani yake imo kwenye faili la maelezo linalopakuliwa pamoja na fonti. Asipojibu, iache. Mtu kunyamaza si kukubali.

WinoMweusi
Mnajisumbua bure. Geuza maandishi yawe michoro, yaani maumbo tu yasiyohitaji faili la fonti, kabla ya kupeleka kwa mchapaji, nani atajua? Halafu hata Marekani umbo la herufi halina hakimiliki.

Dada_Sheria
Ndugu WinoMweusi, hilo la umbo ni kweli kwa Marekani. Mahakama ya rufaa ilishasema hivyo mwaka 1978, kesi ya Eltra dhidi ya Ringer. Lakini faili la fonti ni programu ya kompyuta, na mwaka 1998 Adobe walishinda kesi yao dhidi ya Southern Software kwa msingi huo. Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inataja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Tena, ulipopakua ulikubali masharti. Kugeuza herufi kuwa michoro hakufuti masharti hayo, kwa sababu nembo tayari imetengenezwa kwa fonti usiyoruhusiwa kuitumia kibiashara. Na atakayeandikiwa barua ya madai ni mwenye kahawa, ambaye jina lake liko kwenye kila mfuko. Tusimtwike mzigo huo mtu aliyetuamini na kutulipa.

Fundi_Nasser
Naongea kutoka upande wa mashine. Vijana wanatuletea flashi yenye kazi na folda ya fonti, wanasema "boss, ziweke kwenye kompyuta yako." Kama fonti ni ya kununua, leseni ya kawaida huhesabu watumiaji au kompyuta, na yangu haimo. Za Adobe ndiyo kabisa, haziruhusiwi kuhamishwa. Leta PDF iliyobeba fonti ndani yake, hiyo inakubalika. Kwa fonti yenye leseni halali, kugeuza maandishi yawe michoro ni njia nzuri pia. Ila baki na nakala unayoweza kuhariri, maana tarehe na uzito hubadilika kila mara.

Kalamu_ya_Ntinda
Fundi kasema kweli. Naongeza kuhusu Adobe: nembo na mifuko inaruhusiwa kabisa. Tatizo ni tovuti, kwa sababu mteja anapaswa kuwa na akaunti yake anayoilipia. Akiacha kulipa, fonti inaondoka kwenye kurasa. Kwa biashara inayoanza, hilo ni gharama ya kudumu.
Ukinunua, soma vizuri: leseni ya kompyuta, ya tovuti na ya programu ya simu kwa kawaida huuzwa kila moja peke yake, na ya tovuti mara nyingi hupimwa kwa idadi ya kurasa zinazotazamwa. Nunua kwa jina la mteja, risiti akae nayo yeye.

Herufi_Zetu
Mchoraji, mfuko una Kiganda? Jaribu kuandika "eŋŋoma" (ngoma) kabla ya kumwonyesha mteja chochote. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi ŋ, kompyuta inaazima herufi ya fonti nyingine na neno linaonekana limeungwaungwa. Inaniuma kuona lugha yetu ikichapwa hivyo kwenye bidhaa nzuri. Leseni za kulipia mara nyingi zinakataza kuongeza herufi. OFL inakuruhusu, kama mwenyewe amehifadhi jina la fonti, yako uipe jina jingine na ibaki chini ya OFL. Fonti za SIL ziitwazo Gentium, Charis na Andika tayari zina ŋ.

Mchoraji_Masaka
Asanteni sana. Mfuko una Kiganda, tena neno lenyewe ni hilo hilo eŋŋoma! Basi Gentium kwa maelezo ya mfuko na tovuti. Kwa nembo nimeshamwandikia mwenye fonti ya DaFont. Mteja amekubali kulipa akijibiwa, la sivyo nembo nayo inakwenda huria.

Herufi_Zetu
Vizuri. Kama jina litakuwa kwa herufi kubwa zote, angalia Ŋ. Ina maumbo mawili: moja ni N kubwa yenye mkia, jingine ni ŋ ndogo iliyokuzwa, na hilo la pili ndilo lililozoeleka zaidi katika lugha za Afrika. Gentium ina yote mawili, unachagua kwenye mipangilio ya fonti.