Kebo imekatika baharini, bando yangu inakufa Kayole. Aje sasa?

Wa Kayole: Wasee, nimesoma ati intaneti imelala tangu Jumapili, 12 Mei 2024, juu kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zimekatika upande wa Afrika Kusini. Sasa mimi na bando ya siku inayoisha saa sita usiku hiyo inanihusu aje? Si siku hizi ni satelaiti?

Fundi wa Simu: Satelaiti gani bana. Karibu intaneti yote ya nje inapita chini ya bahari, inaingilia Mombasa. Starlink, ile intaneti ya satelaiti, iko Kenya tangu Julai 2023, uza mbuzi ununue ile sahani.

Kasuku: Na Februari si zilikatika kule Bahari Nyekundu, Seacom ikiwemo, inasemekana ni nanga ya meli iliyopigwa kombora na Wahuthi, wale waasi wa Yemeni, so watu wakategemea njia ya kusini, na kusini nako kukakatika. Hongera kwa wapangaji, kweli.

Mama Chapo: Wasiharakishe kurekebisha. Jana mzee ameniuliza siku yangu ilikuwaje, nikashtuka nikadhani amefutwa kazi 😂

Wa Kayole: Asanteni, majibu yamechukua dakika nne kufunguka na bando ndio hiyo imee