Yes - Fragile (1971): wewe uliingilia mlango gani? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari za jioni. Nina hamu ya kusikia za wenzangu kuhusu hii albamu maana kila ninayekutana naye anayeipenda kaanzia wimbo tofauti. Kwa ambao hawajaisikia, Yes ni bendi ya rock ya Waingereza, Fragile waliirekodi London 1971 Rick Wakeman alipoingia kwenye vinanda akitokea bendi ya Strawbs. Nyimbo 9, nne za bendi nzima, tano kila mtu kachukua yake akafanya anachotaka, ndo maana ndani ya kama dakika 40 unakutana na rock nzito, gitaa la Kihispania, mpaka Brahms, yule mtunzi wa muziki wa klasiki.

Mimi niliwekewa kwenye flashi dukani zamani na redio yetu ilikuwa inapanga nyimbo kwa herufi, kwa hiyo ya mwisho ilikuwa We Have Heaven, Jon Anderson, mwimbaji wao, kapandanisha sauti zake mwenyewe mpaka zimekuwa kwaya, halafu mlango puu! unabamizwa. Basi. Miaka yote nilijua albamu inaishia hapo, mtu kafunga kaondoka zake. Wiki iliyopita mdogo wangu kanipangia mafaili upya, nipo kitandani na hedifoni, mlango ukabamizwa, mtu akatimua mbio na upepo ukaanza kuvuma, kumbe inaingia South Side of the Sky, wimbo wa watu wanaofia mlimani kwenye baridi! Nikakaa kitako. Nimeurudia huo mpito mpaka usingizi ukanichukua, sijafika mbele bado. Haya leteni zenu.

#2
Yangu The Fish. Napiga besi kanisani mwaka wa saba huu, na kwetu besi ni ya kushikilia tu, ukizidisha noti mwalimu wa kwaya anakugeukia. Siku moja jamaa wa kinanda akanipa upande mmoja wa hedifoni akaniuliza humu kuna magitaa mangapi, nikamwambia matatu na kinanda juu. Besi tupu mkuu!! Chris Squire, mpiga besi wao, kapanga mistari ya besi juu ya besi, mmoja unanguruma chini, mwingine unalia kama solo, mwingine unatetemeka, drams za Bill Bruford zinamshikia. Na mdundo wenyewe ni wa saba, nilikaa wiki mbili nagonga meza moja mpaka saba, moja mpaka saba, mke wangu akawa ananihesabia akiwa jikoni. Squire alipofariki 2015 niliiweka usiku mzima, nililia kwa kweli.

#3
Mimi niko Nairobi na mlango wangu ni JoJo, ile anime (katuni ya Kijapani) ya 2012. Nilikuwa form three, tunaangalia na binamu yangu kwa laptop yake, na kila episodi ikikaribia kuisha lile gitaa la Steve Howe linaingia polepole kabla hata picha haijasimama, mwili unasisimka. Nilidhani ni ngoma mpya ya Wajapani! Kuitafuta nikapata ni Roundabout, dakika nane na nusu, nikaiskiza mara ya kwanza nikiwa kwa matatu na nikapitwa na steji yangu. Baadaye nikasoma Anderson na Howe waliianza wakiwa kwa van kutoka Aberdeen kwenda Glasgow, Scotland, raundabauti baada ya raundabauti. Sasa nimeijua albamu yote isipokuwa Cans and Brahms, hiyo bado haijaniingia.

#4
#3 mpe Wakeman nafasi, mkataba wake na kampuni nyingine ulimzuia kuweka utunzi wake mwenyewe, ndo akachukua kipande cha simfoni ya nne ya Brahms akakigawa kwenye vinanda vyake, kila kinanda kikabeba kundi lake la okestra. Mimi binafsi nilianzia Mood for a Day, Howe peke yake na gitaa la nailoni, dada yangu alikuwa anajifunza nalo sebuleni.

Ila mleta mada, umesema hujafika mwisho. Heart of the Sunrise ikikatika usizime. Subiri.

#1
Nimesubiri. Mlango umefunguka na ile kwaya ya Anderson imerudi kwa mbali!! Wakuu, kwenye ile flashi Heart of the Sunrise ilikuwa ya tatu, huo mlango nimekuwa nikiusikia katikati ya albamu miaka yote nikijua mwenye duka kachanganya mafaili.