Tupeane uzoefu: mwanasheria gani wa Kanda ya Ziwa humsahau?

Sangara Mkavu: Wakuu, juzi kwenye daladala ya Kisesa nimekaa na kijana anasoma sheria mwaka wa pili. Nikamtajia Mark Bomani, akaniuliza, "Huyo ni msanii?" Nilichoka. Mwanasheria Mkuu wa kwanza mzalendo huyo, 1965 hadi 1976! Halafu akawafanyia kazi Wanamibia kupitia Umoja wa Mataifa, wakiwa bado chini ya makaburu. Upatanishi wa Burundi alikuwa na Mwalimu, Mwalimu alipofariki akaendelea na Mandela. Katutoka Septemba 2020 kimyakimya. Haya, mwageni yenu. Hata wakili wa mtaani kwako ruksa.

Mzee wa Kamanga: Kaka yake Paul ndiye wa ushirika wa pamba. Marehemu baba alikuwa anamtaja kama walinyonya titi moja.

Ngosha Mpole: Na ile kamati ya madini ya 2007 aliyoongoza Mark mmeisahau? Sheria ya 2010 ilitokana nayo. Mrabaha wa dhahabu, lile fungu la serikali, ukatoka asilimia 3 ukawa 4.

Kota Tatu: Asilimia moja ndiyo unapigia vigelegele? Njoo Geita uone mashimo.

Ngosha Mpole: Kamati inapendekeza, Bunge linatunga. Soma kwanza.

Kota Tatu: Nimesoma kabla hujaota meno.

Binti Igogo: Mie wangu hana jina gazetini. Baba alipofariki, baba mdogo aliuza kiwanja chetu Igoma. Siku ya kwanza kwenye baraza la ardhi nilienda peke yangu, nimetoka kuanika dagaa, mikono inanuka. Wakili wao kaongea Kiingereza cha kutosha, mwenyekiti akanigeukia: "Una la kusema?" Sauti haikutoka. Nilikuwa naangalia magamba kwenye kucha zangu tu. Nje nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Akapita mzee mmoja, koti jeusi limepauka, linanuka nafthalini. Akasema, "Mama, lete hizo karatasi." Akazisoma amesimama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulikuwa na dole gumba la bibi. Akauliza, "Bibi yako yupo?" Nikamwambia tulimzika 2006. Kikao ni cha 2008! Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Kesi ilienda miaka miwili, tarehe juu ya tarehe, hakunidai hata nauli. Tuliposhinda nikampelekea sado ya dagaa. Akanilipa! Akasema hataki watu waseme anakula rushwa ya dagaa. Nimesikia amefariki wakati wameshamzika wiki ya pili, na bado roho inaniuma. Wabeja sana baba, popote ulipo.

Mama Furu: Nimelia hapa dukani, wateja wananishangaa.

Pasiansi Boy: Andikeni wosia jamani.

Kota Tatu: Ukiandika wosia ndugu wanakuwahisha. Kaa kimya, jenga.

Ngosha Mpole: Huyu naye! Binti, siku hizi kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Asiye na hela aulizie wasaidizi wa kisheria kabla hajaenda kulia kwenye ngazi.

Mzee wa Kamanga: Na ukimlipa wakili, dai risiti. Yangu nililipa mkononi, mwenye mkono akahamia Dar.

Mama Furu: Nyalali vipi, mbona hatajwi? Mzaliwa wa hapahapa, Jaji Mkuu 1977 mpaka 2000. Tume yake ilikuta kama asilimia 80 wanataka chama kimoja, ikasema wasikilizwe wale 20 wa vyama vingi. Bila yeye msingekuwa mnabishana hapa.

Kota Tatu: Ningebisha tu.

Pasiansi Boy: Binti Igogo, hilo koti kifungo cha chini kilikuwa cha rangi nyingine? Cha kahawia?

Binti Igogo: Eeh! Wewe umejuaje?

Pasiansi Boy: Nililala mahabusu siku nne kwa injini ya mtumbwi ambayo sikuiba. Ndiye alikuja kuniwekea dhamana. Ngoja nifunge duka, nakuja na yangu.

Mama Furu: Tunasubiri. Binti, sado ya dagaa sasa hivi mwaloni ni bei gani?