Eti pikapu zote "zinalia kama friji"!!! Leo nimedhalilishwa

BesiNzito:
Wakuu, naandika mkono ungali unatetemeka, msinisahihishe herufi.

Yule jamaa. Mnamjua. Yule wa kufunga mikono kifuani, hajawahi kugusa uzi wowote zaidi ya nyuzi za humu jukwaani, lakini kila mlio ana neno. Leo kanimaliza.

Nimebeba magitaa ya besi matatu peke yangu, nimefika nimepinda kama alama ya kuuliza. Moja ya mtindo wa Precision, ile pikapu (sumaku na koili ya waya chini ya nyuzi, inayonasa mlio) iliyokatwa vipande viwili. Nyingine Jazz, pikapu mbili za koili mojamoja, ya shingoni na ya darajani. Ya tatu mtindo wa StingRay, hambaka nono (pikapu ya koili mbili zinazofuta kelele) na betri yake ya volti 9. Zote nimezifunga nyuzi mpya za aina moja, mtu asije akasingizia nyuzi. Nikapiga kipande kilekile, vidole vilevile, nobu za ampu zote katikati. Precision ikanguruma kifuani. Jazz nikaizima ya shingoni, ikabaki ya darajani, ikaanza kuongea puani, kila noti unaihesabu. StingRay ikapasua ukuta.

Nikanyamaza. Nikasubiri. Jamaa akakuna kidevu, akasema mbele ya watu wote: "Mbona zote zinalia kama friji?"

FRIJI, wakuu!

Precision imepewa pikapu ile 1957, Jazz ikaja 1960, StingRay 1976. Miaka yote hiyo watu wanagombana mpaka wanavunja bendi, yeye kesi kaimaliza kwa friji. Friji ina nyuzi? Friji unaipiga slapu? Nimekesha nachomelea nyaya mpaka nyusi zikaungua, nije kuambiwa friji! Mpiga dramu akacheka hadi stiki ikamdondoka.

KidoleGumba:
Huyohuyo! Besi yangu isiyo na freti aliniuliza vyuma vyake vimeibwa na nani.

FundiNyaya:
Mleta uzi, povu nimeliona. Swali moja tu: ile Jazz pikapu ya shingoni uliizima kabisa?

BesiNzito:
Kabisa. Ili ya darajani isikike peke yake.

FundiNyaya:
Basi ilikuwa inasema mmmmmmm. Zile koili mbili kwa kawaida zinasukwa kinyume, na sumaku zinageuzwa. Ukizifungua sawasawa, kelele ya umeme inajifuta. Ukizima moja, umebaki na koili tupu inayodaka kila transfoma iliyomo chumbani. Precision vipande vyake viwili vinafutana, hambaka vilevile. Jamaa alisikia friji KWELI. Kosa lake ni kusema "zote".

KidoleGumba:
Hahahaha friji moja kati ya tatu.

BesiNzito:
Kwa hiyo unamtetea? Mbele ya mpiga dramu, mkuu! MBELE YA MPIGA DRAMU! Nimeweka rekodi hapo, sikilizeni wenyewe.

Mpitanjia:
Nimesikiliza kwa spika ya simu. Besi sijaisikia. Nimesikia mtu anakuna godoro.

FundiNyaya:
Uzi wa E mtupu ni kama hezi 41, spika ya simu itautoa wapi? Vaa hedifoni. Halafu StingRay umeiacha inapiga kelele kuliko wenzake. Hukusawazisha sauti, na yenye kelele zaidi lazima masikio yaione tamu. Hapo hukulinganisha pikapu, umelinganisha vifua.

BesiNzito:
Nyie mko upande wa nani?

ChaneliYaNane:
Mna afadhali nyie mnaotukanwa, maana mmesikika. Fundi mitambo wetu ananionyesha dole gumba, "besi ipo!", kumbe chaneli kaifunga tangu wimbo wa kwanza. Niweke hambaka, nisiweke, nani atajua?

KidoleGumba:
Na mpiga kinanda wetu mkono wake wa kushoto haujui kupumzika. Hata uweke pikapu nne, anakufunika kwa vidole viwili.

KinandaSafi:
Mkono wa kushoto unafanya kazi kwa sababu nyie mnachelewa kuingia.

MzeeWaDramu:
Mimi ndiye niliyecheka. Stiki haikudondoka, niliitupa.

BesiNzito:
Kumbe na wewe umo humu!!

GiaYaTano:
Samahani wakuu, nimeona "pikapu" nikaingia mbio. Yangu ya dizeli, asubuhi nikiiwasha inalia kama friji. Tatizo nini?

MzeeWaDramu:
Inalia ikiwa imesimama au ikitembea?

GiaYaTano:
Imesimama. Nikikanyaga mafuta inazidi.

FundiNyaya:
Anza na mkanda, kisha beringi ya alternata. Usikimbilie kufungua injini.

KidoleGumba:
Yangu ilikuwa hivyohivyo, ikawa beringi kweli.

BesiNzito:
Wakuu, tulikuwa kwenye FRIJI.

GiaYaTano:
Yangu haina friji mkuu, ni kebini moja tu.