Mnatuuzia jina la Mgeta, karoti mmenunua Mabibo: haya masoko ya wakulima ya mtandaoni yanatuibia sisi na wakulima pia

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo limenikaa kifuani muda mrefu na leo nalitoa. Jina la hao watu sitalitaja, maana sitaki uzi ufungwe kabla hamjausoma, ila wanaonunua kwao watawajua kwa maelezo.

Nazungumzia haya masoko ya wakulima ya mtandaoni. Kuna grupu la WhatsApp, kuna na programu ya simu, na kila Jumapili usiku wanaweka orodha ya vitu pamoja na mahali vilipolimwa. Karoti, Mgeta ya milimani Morogoro. Kabichi, Lushoto. Nyanya, Ilula. Vitunguu, Mang'ola. Unaagiza mpaka Jumatano, unalipa kwa simu hela yote kabla hujaona hata jani moja, halafu Jumamosi asubuhi unaletewa mlangoni. Wanachoahidi ni kwamba mkulima anavuna kilichoagizwa tu, gari linapakia Ijumaa, alfajiri liko Dar, dalali hayupo, na mzigo haulali sokoni. Kwa ahadi hiyo wanachukua karibu mara mbili ya bei ya gengeni, na hela ya bodaboda juu yake.

Nililipa na sikunung'unika. Mama aliyekuwa ananiuzia mboga Kariakoo nilipotezana naye baada ya soko kuungua Julai 2021 na wafanyabiashara kutawanywa huku na huku. Nyumbani nina mzee anayeumwa kisukari, mboga za majani kwake ni kila siku. Na wote tunaoishi jiji hili tunajua habari ya mchicha wa mabondeni. Watafiti walishapima mboga zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, majibu yakatoka tangu 1999, na madini ya risasi yalikuwemo. Mchicha ukishafungwa fungu na kunyunyiziwa maji mezani, hakuna jicho linaloweza kukuambia umenyweshwa maji gani. Kwa hiyo mtu akiniambia huu umetoka mlimani, umenyweshwa maji ya kijito cha Uluguru, nampa hela anayotaka. Mimi kwao nanunua mahali mboga ilipotoka. Na hapo hapo ndipo wanaponiibia.

Nianze na madogo. Jumamosi asubuhi iligeuka Jumamosi mchana, ikawa saa tatu usiku. Mara ya mwisho mnafu ulikuja umefungwa ukiwa na maji ndani ya mifuko ile laini iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019. Nilipofungua, mvuke wa joto ukanipiga usoni, na majani ya chini yalikuwa meusi, yanateleza vidoleni. Yote nilitupa. Viazi nililipia kilo tano, nikavipeleka dukani kwa Mangi akaviweka kwenye mizani: kilo nne na robo. Hoho hazikuwepo, wakaweka matango bila kuniuliza, kwa bei ya hoho. Matufaha waliyoandika ya Lushoto yalikuwa na alama ya duara kwenye ganda, ukipitisha kidole kinanata. Ni gundi ya stika iliyobanduliwa. Mkulima gani wa Lushoto anabandika stika kwenye tunda moja moja? Hayo ni matufaha ya kwenye maboksi, yametoka nje ya nchi, mtu amekaa chini akabandua stika kwa kucha halafu akaandika Lushoto. Huko si kukosea oda. Kuna mtu alikaa akaifanya kazi hiyo, tunda kwa tunda.

Kijana wa bodaboda nilimuuliza taratibu tu, mzigo huu unaupakia wapi. Akanijibu bila wasiwasi, "Dada, sisi tunapakia Mabibo, alfajiri." Simlaumu, yeye ni kibarua na hakuona cha kuficha. Wala sina ugomvi na soko la jumla la Mabibo hapa Dar, wanaouza pale wanauza kwa haki yao na bei inajulikana. Ningetaka vitu vya Mabibo ningepanda daladala nikachague mwenyewe.

Sasa kubwa linalonikosesha usingizi.

Upande wa mama mimi ni Mluguru. Mjomba wangu, mdogo wake mama, analima Mgeta, upande wa Nyandira. Wanaoijua barabara ya kutoka Sangasanga kupanda kule wanajua masika inavyokuwa: udongo unateremka, mafuso yanakwama njiani, na wakati mwingine mzigo unashushwa kwa vichwa na kwa pikipiki mpaka gari linapoweza kufika. Masika iliyopita barabara ilikatika. Mjomba mwenyewe alinipigia kuniambia karoti zake ziko shambani zinapasuka kwa sababu hakuna gari linalopanda. Wiki hiyo hiyo nafungua orodha ya hawa watu: "Karoti za Mgeta, freshi kutoka shambani, zipo za kutosha." Bei ile ile, wala hawakupandisha. Karoti zimeshukaje mlima ambao gari halipandi?

Na picha waliyoweka juu ya hizo karoti ni ya mjomba wangu. Ni yeye kabisa, kofia yake ile ile, ameshika fungu la karoti zenye majani, nyuma yake yanaonekana matuta ya ngazi ya shamba la bibi yetu.

Nikampigia. "Mjomba, wiki hii umewauzia wale vijana wa Dar?" Akasema, "Mwanangu, wale sijawaona tangu siku waliyopiga picha."

Walikuja kweli, mara moja. Walinunua magunia machache, wakapima kwa mizani, kilo kwa kilo, wakalipa vizuri papo hapo. Ukitaka kujua kwa nini mzee alifurahi, lazima ujue dalali anavyonunua kule. Dalali anakuja na gunia lake mwenyewe, analijaza mpaka linafura, halafu analiongezea kilemba cha juu kwa kushona nyavu na kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, mzigo ni karibu gunia moja na nusu. Sheria ya vipimo inaikataza, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo kila mwaka wanatangaza, lakini mlimani kule hakuna mizani na dalali ndiye mwenye gari. Mtu aliyeuza kwa lumbesa tangu ujana wake, siku anapoona karoti zake zinawekwa kwenye mizani, anaamini dunia imebadilika. Mjomba aliamini. Walimwambia watakuwa wanachukua kila wiki. Akaongeza eneo, akakopa hela ya mbegu na mbolea, akasubiri miezi mitatu. Karoti zikakomaa, anapiga simu haipokelewi, anatuma ujumbe haujibiwi. Karoti iliyokomaa ukiichelewesha ardhini inapasuka na kuwa ngumu, hana pa kuiweka. Akamwita dalali yule yule, akauza kwa lumbesa, na deni la mbolea analo mpaka leo.

Huku Dar uso wake unauza. Mimi mpwa wake nimekuwa nikilipa bei mbili nikiamini sehemu ya hela inamfikia yeye au jirani yake. Haikumfikia hata senti.

Nilipoyajua haya sikukimbilia hapa. Niliandika kwanza kwenye grupu lao kwa adabu, nikaweka picha ya mnafu uliooza, picha ya mizani na picha ya gundi kwenye tufaha, nikauliza karoti za wiki ile zilitoka kwa mkulima gani na kijiji gani. Likaja jibu: "Mpendwa mteja, tumeipokea changamoto yako, tutaifanyia kazi." Kuna dada mwingine akaandika kwamba hata mayai yake ya kienyeji yote yana ukubwa mmoja na kiini kimepauka. Mwingine akauliza habari za nyanya. Haikupita nusu saa nikawa nimetolewa kwenye grupu. Yule dada naye wakamtoa, alinitafuta pembeni akaniambia. Hela yangu hawakurudisha, waliniwekea "salio" ndani ya programu yao, nikanunue tena kwao. Nidai haki yangu kwa kununua tena mnafu uliooza?

Kuna mkuu hapo chini kasema, "Si ununue gengeni tu, umezoea mambo ya kizungu." Mkuu, nimesharudi gengeni, na mama wa genge letu ni mkweli kuliko hawa, ukimuuliza mchicha umetoka wapi anakuambia bondeni au anakuambia hajui. Lakini usinifunge mdomo kwa jibu hilo. Kumfikia mkulima bila dalali ni jambo la kweli na linawezekana. Simu anayo, hela anapokea kwa simu, na magari kutoka Morogoro yanaingia Dar kila usiku. Mjomba alionja mara moja tu na akabadilisha hesabu za shamba lake zima. Ndiyo maana nina hasira. Wangekuwa wanauza mboga za Mabibo na kusema ni za Mabibo, tunakuletea mlangoni, tunachukua chetu cha usumbufu, ningewaheshimu na huenda ningenunua. Walichofanya ni kuchukua kiu ya watu wawili waliokuwa wanatafutana, mkulima na mlaji, wakakaa katikati na kuwa dalali mpya, tena dalali anayejificha. Yule wa lumbesa angalau mjomba anamjua kwa sura na anajua nyumbani kwake.

Na msiniambie ni biashara changa, tuwavumilie. Gari kuharibika navumilia, mvua navumilia, na wakiniambia "wiki hii Mgeta hakuna mzigo, barabara imekatika" hapo ndipo ningewaamini zaidi. Soko la wakulima wa kweli lina wiki za kukosa. Orodha iliyojaa mwaka mzima, masika na kiangazi, bei haishuki wala haipandi, ndiyo inayowaumbua.

Ninachotaka ni hiki. Hela yangu irudi kama hela, kwenye simu ile ile iliyolipia. Picha ya mjomba iondolewe leo, hakusaini popote, na hakuna aliyemwambia itauza vitu vya watu wengine. Tangu Mei 2023 nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayofanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Na kila kitu kwenye orodha kiandikwe kijiji na siku kilipovunwa, au kiandikwe kimenunuliwa soko la jumla. Nimeanza kusoma Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ina sehemu ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sehemu ya vipimo naipeleka Wakala wa Vipimo pamoja na picha ya mizani ya Mangi.

Wanasheria wa humu naomba mnisaidie mambo mawili. Malalamiko ya mjomba kuhusu picha nayapeleka mimi kwa niaba yake au lazima aje mwenyewe, maana nauli ya Nyandira mpaka Dar kwa mtu mwenye deni si kidogo? Na hiyo "salio" waliyoniwekea, nikiiacha bila kuitumia itahesabika kwamba nimeikubali?

Kama na wewe umeletewa karoti za "Mgeta" wiki zile za masika barabara ilipokuwa imekatika, tafuta ujumbe wa oda yako, uhifadhi picha yake, unitumie pembeni. Nakusanya zote kwenye faili moja. Jumatatu asubuhi nazipeleka Tume ya Ushindani mwenyewe, nitaleta mrejesho humu humu.