Mrejesho: sakafu baridi ya nyumba ya mama, Kabale

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kupunguza baridi ya sakafuni kwenye nyumba ya mama hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Asanteni sana, hasa ndugu aliyewahi kujenga Kanada. Alieleza kwamba sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi hupoteza joto zaidi kwenye kingo za msingi kuliko katikati, na kwamba udongo uliolowa hupitisha joto upesi kuliko mkavu. Ndiyo maana tulianza na maji. Tulichimba mtaro upande wa mlimani, tukaweka bomba lenye matundu na kokoto, maji ya paa tukayaelekeza mbali na ukuta. Hili ndilo lililosaidia kuliko yote, na ningemshauri yeyote aanze hapo kabla ya kununua chochote: ukuta umekauka, chumba hakinuki ukungu tena.

Vipande vya povu gumu vya kuzika kando ya msingi, ili joto lisipotee kwenye kingo, sikuvipata hapa. Fundi alivileta kutoka Kampala, vikatosha upande wa chumba cha mama tu. Tulivipiga plasta juu ya wavu, jua lisivile, na juu yake tukaacha ukuta wazi ili mchwa wakipanda tuwaone.

Chumbani mama hatetemeki tena alfajiri. Sebuleni bado baridi ipo. Mkeka na zulia vimepunguza kidogo tu. Tukishavuna viazi nitaagiza povu la upande huo.